Redio Iliyonyamaza: Kumwongoza Mwanafunzi Kutafuta Kasoro

Kila mwalimu anayefundisha kwa vitendo atafikiwa na siku ambayo kifaa kilichoundwa darasani kitakataa kufanya kazi. Kundi la wanachuo limelehemu vipande kwa majuma kadhaa, limekagua mchoro, limeunganisha betri, limevaa hedifoni masikioni, na hakuna linalosikika. Saa hiyo macho yote humgeukia mwalimu. Atakalolifanya katika dakika kumi zinazofuata lina uzito kuliko mihadhara yote aliyokwisha kuitoa juu ya umeme, kwani hapo ndipo wanafunzi watakapoamua kama sayansi ni njia ambayo mtu yeyote aweza kuifuata, au ni kipaji cha wachache waliozaliwa na mikono ya bahati.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitumia redio isiyopokea kitu kuwa somo. Mfano tutakaoufuata ni NorCal 40A, redio ndogo ya kupokea na kurusha inayoundwa na mtumiaji mwenyewe kutokana na furushi la vipande. Wayne Burdick wa Marekani aliisanifu kwa ajili ya chama cha wapenzi wa redio za nguvu ndogo cha kaskazini mwa California, na toleo lake la kwanza, NorCal 40, lilitoka mwaka 1993. Redio hii hufanya kazi katika mawimbi ya mita 40, yaani karibu na megahezi 7. Hurusha kwa nguvu ya wati 2 hivi. Na lugha yake ni nukta na vistari vya Morse tu. Tumeichagua kwa kuwa imekwisha kutumika darasani. David Rutledge, profesa katika Taasisi ya Teknolojia ya California, aliifanya kuwa uti wa mgongo wa kozi yake, na kitabu chake, The Electronics of Radio, kilichochapishwa mwaka 1999, kinamwongoza mwanafunzi kuiunda redio hiyo sehemu kwa sehemu. Mwanafunzi haungi redio nzima kisha akaomba Mungu. Huunda sehemu moja, hukokotoa jinsi inavyopasa kufanya kazi, huipima, na ndipo huendelea na sehemu ya pili.

Si lazima chuo kiwe na redio hii hii. Ziko nyingi za aina yake, nyingine rahisi zaidi, na hoja zitakazotolewa hapa zahusu karibu zote. Naonya tu dhidi ya redio za siku hizi ambazo vipande vyake ni vidogo kama punje za mchele na vimelehemiwa na mashine kiwandani. Hizo hufaa kwa mawasiliano, lakini mwanafunzi hawezi kuziuliza swali, kwa sababu hana pa kuweka ncha ya mita.

Kuna jambo la sheria lisilopaswa kusahauliwa. Kusikiliza ni kitu kimoja na kurusha ni kingine. Anayetaka kurusha sharti awe na leseni ya redio ya ridhaa. Nchini Tanzania hushughulikiwa na TCRA, na nchini Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Katika kazi yote itakayoelezwa hapa, ufunguo wa Morse uchomolewe na uwekwe mbali. Kuubonyeza wakati redio haina antena kwaweza pia kuiua transista kubwa ya kurushia, na hapo darasa litakuwa limeongeza kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kabla ya kutafuta kilichopotea, mwanafunzi hana budi kuijua njia ambayo wimbi lingepaswa kupita. Yafaa mwalimu aianze kwa mfano wa watu waliojipanga mstari kutoka kisimani hadi nyumbani, wakipokezana ndoo. Mtu wa kwanza ni kichujio kilicho karibu na antena. Wa pili ni kichujio kingine, chenye koili na kapasita za kurekebisha, kinachochagua masafa ya megahezi 7 na kuzuia mengine. Wa tatu ni kichanganyaji, aisii ndogo yenye miguu 8 iitwayo NE602. Hapo wimbi la antena hukutana na wimbi jingine la megahezi 2.1 hivi, linalozaliwa ndani ya redio yenyewe na sakiti iitwayo osileta. Kazi ya kichanganyaji ni kutoa tofauti: 7.015 ukitoa 2.1 hubaki 4.915. Mtu wa nne ni kichujio cha kristali nne, ambacho hakipitishi ila hayo masafa ya 4.915. Wa tano ni NE602 ya pili, yenye osileta yake ya kristali inayotofautiana na 4.915 kwa hezi mia sita hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mlio ambao sikio la binadamu laweza kuusikia. Wa sita ni sakiti inayopunguza sauti pale stesheni yenye nguvu inapoingia ghafla, wa saba ni kikuza sauti chenye aisii ya LM386, na wa nane ni hedifoni.

Mwalimu wa shule ya msingi ataona mara moja kwamba moyo wa redio hii ni hesabu ya kutoa, na kwamba mwanafunzi aliyeshindwa kutaja namba 4.915 inatoka wapi hayuko tayari kushika mita.

Sasa tuje kwenye ukimya wenyewe. Neno la mwanafunzi ni moja, "Haisikiki," lakini ukimya ni wa namna tatu, na kuutofautisha ni kazi ya masikio kabla ya kuwa kazi ya vifaa. Uko ukimya wa kaburi: hata unapowasha swichi hakuna mlio wa "tak" katika hedifoni. Huo huelekeza kidole kwenye betri, hedifoni au kikuza sauti. Uko ukimya wenye mchirizo hafifu, kama pumzi ya mtu aliyelala, ambao haubadiliki hata ukiunganisha au kuondoa antena. Hapo kikuza sauti ki hai, na ndoo zinadondoka mahali fulani kabla yake. Na uko ukimya wa tatu, ambao kwa kweli si ukimya: redio inavuma, uvumi huongezeka antena inapounganishwa, lakini hakuna stesheni. Mwalimu na amtake kila mwanafunzi avae hedifoni kwa zamu na aandike alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, bila kuzungumza na wenzake. Katika kundi la watu sita maelezo yatatofautiana, na mjadala utakaozuka utafundisha zaidi ya mita.

Ukimya wa tatu aghalabu si kasoro. Mwanafunzi aliyezoea redio ya nyumbani hutarajia muziki na taarifa ya habari. Hii haitatoa hata neno moja. Katika Afrika, wapenzi wa redio ya ridhaa wamepewa masafa ya 7.0 hadi 7.2, na wanaotumia Morse hukaa chini kabisa, kati ya 7.000 na 7.040. Tena saa ina maana kubwa. Wakati wa adhuhuri jua hulitia nguvu tabaka la chini la anga la juu, nalo hulimeza wimbi la megahezi 7, kiasi kwamba kinachosikika hutoka katika umbali wa kilomita mia chache tu. Na katika eneo hilo dogo yawezekana pasiwe na mtu hata mmoja anayegonga Morse saa hiyo. Jua likitua, masafa hayo hayo hufunguka kwa maelfu ya kilomita. Kwa hiyo kipindi kilichopangwa saa sita mchana ndicho kibaya kuliko vyote kwa kuijaribu redio hii. Wanachuo warudi baada ya chakula cha jioni, wakiwa na waya wa mita 10 au zaidi uliotundikwa juu ya mti, ndipo waseme kama haipokei. Dalili za mvua ya radi zikionekana waya huo uondolewe mara moja, kazi iwe imefika wapi.

Tuchukulie kwamba jioni imefika, waya uko juu, na bado ukimya ni ule wa kwanza au wa pili. Hapo kasoro ni ya kweli. Mkono wa mwanafunzi utaanza kuwasha. Atataka kubadilisha transista. Mzuie. Katika miji mingi ya wilaya transista ya aina hii haipatikani dukani, na kila kipande kinachong'olewa hutoka na ngozi ya shaba iliyokishikilia kwenye kibao. Nimeona vibao vilivyokuwa na kasoro moja ndogo vikifa kabisa kwa matengenezo ya kubahatisha. Zaidi ya hasara hiyo, hata redio ikipona kwa bahati, mwanafunzi hataweza kusema ilikuwa imeugua nini, na kwa hiyo hatakuwa na la kumwambia mwenzake atakayepatwa na jambo hilo hilo.

Badala yake kila mwanafunzi awe na daftari lenye safu tatu: ninachotarajia, nilichopima, na ninachohitimisha. Safu ya kwanza sharti ijazwe kabla ncha ya mita haijagusa kitu. Hii ndiyo kanuni ninayoing'ang'ania kuliko nyingine zote. Kupima bila kutarajia ni sawa na kumwuliza mtu swali kwa lugha usiyoijua. Jibu utalipata, lakini halitakufaa. Mwanafunzi akisoma volti 6 pasipo kujua kama zilipasa kuwa 6, hajapima kitu.

Kipimo cha kwanza ni cha chakula, yaani umeme wa betri, kwa sababu hakuna haja ya kuuliza nani ameangusha ndoo ikiwa mstari mzima haujala. Betri ya volti 12 ipimwe ikiwa redio imewashwa, si ikiwa imezimwa, kwa kuwa betri iliyochoka husoma vizuri mpaka ipewe kazi. Ndani ya redio kuna kidhibiti volti, 78L08, kinachozipunguza volti 12 kuwa 8, na hizo ndizo zinazolisha NE602 zote kupitia mguu wa 8 wa kila moja. LM386 hupata volti zake 12 kwenye mguu wa 6, na ikiwa nzima, mguu wake wa 5, ambao ndio wa kutolea sauti, husoma nusu ya hizo, yaani kama volti 6. Nusu hiyo ni rafiki mkubwa wa mtafuta kasoro: ikisoma sifuri au 12, basi aisii au jirani zake wana hatia.

Katika hatua hii mazungumzo kati ya mwalimu na mwanachuo yaweza kwenda hivi:

"Unatarajia mguu wa nane wa aisii hii usome ngapi?"

"Volti nane, mwalimu."

"Kwa nini nane na si kumi na mbili?"

"Kwa sababu kidhibiti kiko kabla yake."

"Vema. Pima. Imesoma ngapi?"

"Sifuri, mwalimu. Kidhibiti kimekufa."

"Mguu wa kuingilia wa kidhibiti umesoma ngapi?"

"Huo sijaupima."

"Na kati ya kidhibiti na mguu huu wa nane kuna nini?"

"Njia ya shaba kwenye kibao... na mahali pawili palipolehemiwa."

Tazama jinsi mwanachuo alivyoruka kutoka sifuri hadi hukumu. Sifuri moja ilikuwa na washitakiwa wanne: betri isiyofika, kidhibiti, njia ya shaba na lehemu. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosea. Alimwuliza tu ni kitu gani kingine kingeweza kuleta sifuri ile ile. Swali hilo ndilo linalofaa kurudiwa mpaka wanachuo waanze kuulizana wenyewe.

Mkondo nao upimwe. Inapopokea, redio hii hula kiasi cha miliampia 20 tu. Ikila mamia, ama kuna shoti, ama upande wa kurusha umewaka peke yake. Hili la pili huwashangaza wengi. Redio inaporusha hujiziba masikio ili isijisikie yenyewe. Basi ikiwa waya wa ufunguo umegusana na ardhi ya sakiti, pengine kwa tone moja la lehemu, redio hudhani kwamba inarusha na hukaa kimya kwa utii. Mpokeaji ni mzima, ila ameamriwa anyamaze. Mwanachuo aangalie pia mita yenyewe: ikiwekwa kwenye miliampia na kuunganishwa moja kwa moja na ncha mbili za betri, fyuzi yake huungua.

Volti zikiwa sawa, ndipo twende kwenye mstari wa ndoo. Wengi huanza na mtu wa kwanza na kuwauliza wote mmoja mmoja. Si kosa, ila ni kupoteza muda. Mwulize wa katikati. Kama ndoo imemfikia, wanne wa kwanza hawana hatia. Kama haikumfikia, uchunguzi uishie kwa hao wanne. Sehemu 8 hugawanywa zikawa 4, kisha 2, kisha 1, na kwa maswali 3 kasoro imepatikana. Sehemu zingekuwa 16, yangetosha maswali 4. Wanachuo watakaofundisha hesabu wasiiache nafasi hii ipite.

Katika redio yetu katikati ni pale kichujio cha kristali kinapokabidhi kwa NE602 ya pili. Chukua waya wa antena, uunganishe na kapasita ndogo yenye alama 103, na uguse kwa ncha ya kapasita hiyo ule mguu wa NE602 unaopokea kutoka kwenye kichujio. Kinachotokea hapa ni cha kupendeza. Nusu hii ya pili, kwa kuwa ina osileta yake, ni redio kamili ya masafa ya 4.915. Ikiwa nzima, uvumi utapanda ghafla na mikwaruzo ya angani itasikika, hata kama nusu ya kwanza imekufa. Kisha waya uhamishwe hadi kwenye mguu wa kupokelea wa NE602 ya kwanza. Uvumi ukisikika na hapo, kichanganyaji na kristali ziko sawa, na kasoro imo katika vichujio vya antena. Usiposikika, mshitakiwa ni kichanganyaji, osileta ya 2.1, au kichujio cha kristali.

Ikiwa jaribio la katikati halikutoa kitu, tunaelekea upande wa hedifoni. Mafundi wana desturi ya kugusa kwa kidole mguu wa kuingilia wa kikuza sauti na kusikiliza kama kitanguruma. Desturi hiyo ni nzuri, lakini yafaa ieleweke. Mngurumo ule si wa mwili wa fundi. Ni umeme wa gridi, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, ambao mwili wake umeudaka kutoka kwenye nyaya za nyumba. Katika shule isiyo na umeme wa gridi kidole hakitatoa ila mkwaruzo mdogo wa mguso, na mwalimu asiyejua hayo atamhukumu LM386 asiye na kosa. Katika nusu hii pia kuna mtego: kirekebishi kidogo kinachopanga kiwango cha sakiti ya kupunguza sauti. Kikigeuzwa kupita kiasi huzima sauti yote, wala hakuna kipande kilichoharibika. Kigeuzwe polepole mpaka uvumi urudi, kabla ya kumshitaki mtu yeyote.

Osileta hazisemi, na mita ya kawaida haiwezi kuzisikia. Hapa redio ya nyumbani yenye mawimbi mafupi hugeuka kuwa chombo cha maabara. Iweke karibu na kibao, itafute mahali tupu karibu na megahezi 4.9, na uzungushe kitafutio polepole. Osileta ya kristali ikiwa hai, pako mahali ambapo mchirizo wa redio ya nyumbani utatulia ghafla, kana kwamba mtu ameingia chumbani na wote wakanyamaza. Zima redio ya darasani: mchirizo unarudi. Iwashe: unatulia tena. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo, na haugharimu senti moja. Kwa osileta ya 2.1, ambayo redio nyingi za nyumbani haziwezi kushuka hadi kwake, sikiliza maradufu yake kwenye 4.2, ni dhaifu zaidi, hivyo antena ya redio ya nyumbani iguse karibu kibao chenyewe. Ukizungusha kitafutio cha redio ya darasani, mahali pa utulivu patahama. Pasipohama, umesikia kitu kingine.

Osileta iliyo hai lakini katika masafa yasiyo yake ni kasoro inayostahili kukaliwa kwa muda, maana chanzo chake ni kuhesabu. Koili ya osileta ya 2.1 ni pete ya unga wa chuma iliyozungushiwa waya mara 62. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu la pete ni mzunguko mmoja, hata kama nje unaonekana kama nusu. Mwanafunzi asiyeelewa hivyo hukosea kwa mmoja. Masafa hubadilika kinyume na idadi ya mizunguko, kwa hiyo mzunguko 1 kati ya 62 huisogeza osileta kwa sehemu 1 ya 62 hivi, nayo katika megahezi 2.1 ni karibu kilohezi 34. Upana wote ambao redio hii huweza kutafuta stesheni ni kama kilohezi 40. Hivyo kosa la kuhesabu mzunguko mmoja laweza kumtoa msikilizaji karibu nje ya uwanja wote, ilhali kila kipimo cha volti kinasema mambo ni shwari. Mzunguko mmoja hadi mwingine ukikazwa au kulegezwa kwa kidole, masafa husogea kidogo, na hiyo ndiyo dawa ya makosa madogo. Makosa makubwa hutaka koili ifumuliwe.

Kuhusu chanzo chenyewe cha kasoro, mara nyingi si aisii wala transista. Ni kiungo. Waya wa koili umepakwa vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Usipokwanguliwa mpaka shaba ing'ae, lehemu itaukumbatia waya kwa nje na kuonekana imeshika, na kumbe kati yao pana ukuta. Kiungo kizuri cha lehemu hung'aa na kutelemka kama mteremko wa kichuguu. Kibaya huwa tone la mviringo lililokaa juu ya shaba kama jasho. Mita ikiwekwa kwenye ohmu, kutoka ncha hadi ncha ya koili kwenye upande wa kibao, isome karibu na sifuri. Baada ya viungo hufuata vipande vilivyowekwa kinyume: aisii ambayo alama yake ya mbele imetazama nyuma, daiodi iliyogeuzwa, kapasita yenye chanya na hasi iliyobadilishwa. Kisha rezista. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni ohmu 1,000. Kahawia, nyeusi, chungwa ni ohmu 10,000. Na usiku, chini ya taa ya mafuta, nyekundu na chungwa ni ndugu mapacha. Kila rezista ipimwe kwa mita kabla ya kulehemiwa.

Lehemu nyingi zina madini ya risasi. Wanachuo wafungue madirisha, wasile kazini, na wanawe mikono kwa sabuni wamalizapo. Watoto wa madarasa ya chini wasipewe chuma cha kulehemu kabisa.

Nani ashike chuma hicho ni suala la mbinu pia. Mwalimu asikishike. Akikishika, hata kwa dakika moja na kwa nia njema, redio imekuwa yake. Katika makundi yenye wavulana na wasichana angalia vilevile ni nani anayepima na ni nani anayeandika tu. Zamu zigeuzwe kila kipimo, na asiyepata kushika mita leo aanze nayo kesho. Na muda ukiisha kabla kasoro haijapatikana, redio iwekwe kabatini pamoja na daftari lake. Kundi linaloweza kufungua daftari siku ya pili na kusema, "Kasoro imo kati ya hapa na hapa," halijapoteza kipindi.

Mwanachuo atauliza haya yote yanamfaa nini katika shule ya msingi isiyo na redio ya kuunda. Tochi inatosha. Ina betri mbili, swichi, balbu na njia ya kurudia, na kila mtoto ameiona. Mwalimu aandae tochi tano usiku wa kuamkia somo, na katika kila moja apande kasoro: kipande cha karatasi kati ya betri, betri moja iliyogeuzwa, balbu iliyoungua, springi iliyopakwa rangi ya kucha, swichi iliyolegea. Ile ya rangi ya kucha ni ndugu wa waya wenye vanishi, na ndiyo itakayowashinda wengi, kwa kuwa jicho linaona chuma mahali ambapo umeme unaona ukuta. Watoto watumie balbu nzima, betri nzima na kipande cha waya kuwa vyombo vyao vya kupimia, na daftari lao lipigwe mistari ya safu zile zile tatu. Tochi yenye kasoro mbili kwa pamoja isitolewe siku ya kwanza: mtoto atakayerekebisha moja na kuona bado giza ataiharibu tena ile aliyokwisha kuitengeneza, akidhani alikosea. Hiyo ngoja mpaka juma la pili, na umpe aliyemaliza mapema.